Samaki katika stempu za posta: shajara ya mkusanyo ulioanzia mfululizo wa Tanzania wa 1967

3 Februari 2024: Kuweka mipaka

Mradi huu ni wa kukusanya stempu za posta zenye picha za samaki na shughuli za uvuvi, kisha kuzipanga katika kurasa zinazoweza kusomeka hata kwa mtu ambaye hajawahi kushika albamu ya stempu. Shajara hii inawekwa kwa ajili ya yeyote anayetaka kufanya kazi ya namna hii, ili aone kilichojaribiwa, kilichoharibika na fedha zilizotumika.

Jambo la kwanza lililohitaji uamuzi ni ukubwa wa uwanja. Newfoundland, iliyokuwa koloni lenye posta yake kabla ya kujiunga na Kanada mwaka 1949, ilitoa stempu ya senti 2 ya kijani yenye picha ya chewa wa bahari za baridi tangu mwaka 1865, na baada ya hapo karibu kila nchi yenye maji imetoa samaki wake, pamoja na nchi kadhaa zisizo na bahari hata kidogo. Anayetaka kukusanya zote atafilisika kabla hajamaliza herufi ya kwanza. Kwa hiyo nimeamua kushika nchi zinazopakana na magharibi ya Bahari ya Hindi na zile za Maziwa Makuu, na kuiacha Newfoundland peke yake kama mgeni wa heshima mwanzoni mwa albamu. Chewa ya 1865 inazidi uwezo wangu. Nimenunua badala yake ile ya senti 1 ya mwaka 1932, ambayo nayo ina chewa, kwa shilingi 9,000. Stempu ya sili ya mwaka huohuo wa 1865, ambayo mchoraji alimpa mnyama yule miguu yenye vidole mahali pa mapezi, inachekesha lakini haiingii, kwa kuwa sili si samaki.

Vyombo vya baharini pia vimebaki nje isipokuwa pale vinapovua. Hii imeniuma kidogo, kwa sababu stempu za Zanzibar za mwaka 1957 zina jahazi zuri la Ummoja Wema. Kombe na konokono nao wamebaki nje, ingawa mfululizo wa Kenya wa 1971 una kishawishi kikubwa: majina mawili ya kisayansi yaliandikwa vibaya, na chapa za baadaye zikayasahihisha, hivyo mkusanyaji anaweza kuweka kosa na sahihisho kando kwa kando. Ukifungua mlango kwa kombe, kaa na pweza wataingia nyuma yao.

Vifaa: kibano chenye ncha bapa 12,000, lenzi ya kukuzia 15,000, albamu ya mifuko na karatasi nyeusi 38,000. Bajeti ya mwaka mzima ni shilingi 300,000.

16 Machi 2024: Uti wa mgongo wa mkusanyo

Uti wa mgongo ni mfululizo wa kawaida wa Tanzania uliotolewa tarehe 9 Desemba 1967, uliochorwa na Rena Fennessy na kuchapwa Uingereza na kampuni ya Harrison. Thamani zake zinaanzia senti 5 hadi shilingi 20. Ndizo stempu zilizobandikwa kwenye barua za watu wa kawaida hadi mfululizo wa vipepeo uliochorwa na Fennessy huyohuyo ulipochukua nafasi yake mwezi Desemba 1973. Kwa kuwa zilitumika kwa takriban miaka sita, zilizotumika hazina uhaba na bei yake si ya kutisha, isipokuwa thamani za juu, ambazo zilibandikwa zaidi kwenye vifurushi kuliko kwenye barua.

Thamani za senti zilipatikana kwa mkupuo mmoja katika fungu la barua za zamani lililogharimu 40,000, na shilingi 10 na 20 zilinunuliwa mojamoja kwa jumla ya 22,000. Kabla sijasonga mbele, ni vyema niseme kile ninachokiona katika mfululizo huu, kwa kuwa ndicho kilichoamua mpangilio wa kurasa. Samaki wake wote ni wa baharini, na walio wengi ni wa miambani, wenye rangi za kupendeza: farasi wa baharini, bunju mwenye madoadoa, kipepeo, kangaja, kikande, mbono. Hamna sangara, hamna sato, hamna dagaa. Hamna pia mvuvi, wavu, dema wala ngalawa. Nchi yenye pande za maziwa matatu makubwa iliwakilishwa na samaki ambao wengi wao mpishi asingewatamani. Silalamiki; stempu ndogo inahitaji umbo linalotambulika mara moja na rangi zinazosimama, na dagaa hana hata kimoja. Hata hivyo pengo hilo ndilo linaloupa mkusanyo kazi ya kufanya: kila ukurasa baada ya huu unatafuta kilichoachwa nje.

20 Aprili 2024: Kuloweka, na hasara yake

Kubandua stempu kutoka kwenye karatasi kunaonekana kazi nyepesi. Unakata kipande cha bahasha chenye stempu, unakiacha kielee katika maji vuguvugu huku picha ikitazama juu, unasubiri gundi ilegee, kisha unaivua stempu kwa kibano na kuilaza juu ya karatasi inayofyonza maji. Vipande vya bahasha nyeupe vilikwenda hivyo bila tatizo.

Tatizo lilitokana na bahasha za ndege zenye mistari myekundu na ya buluu pembeni. Wino wa mistari ile uliyeyuka ndani ya beseni, na stempu zote zilizokuwamo zikatoka na wekundu hafifu usiofutika. Pia baadhi ya stempu zilizolowekwa kwa muda mrefu zilipoteza sehemu ya uso wake pale ambapo kidole kilizigusa zikiwa zimelowa. Sababu ni karatasi yenye tabaka la chokaa, ambayo rangi yake hukaa juu ya tabaka hilo na huondoka pamoja nalo.

Utaratibu uliorekebishwa ni huu. Mistari ya rangi inakatwa kabisa kabla kipande hakijagusa maji. Bahasha za rangi yoyote, zikiwemo za kaki, zinalowekwa pekee katika maji baridi, kidogokidogo. Stempu iliyolowa haiguswi uso, inashikwa kwa kibano upande wa nyuma. Inakaushwa uso ukiwa chini bila kuwekewa uzito hadi unyevu mwingi utoke, ndipo inapobanwa kati ya karatasi kavu ndani ya kitabu kizito. Stempu za kisasa zenye gundi ya kujibandika hazilowekwi. Nyingi hazibanduki kwa maji, na ni afadhali kuziacha na ukingo mdogo wa karatasi yake.

Hasara ya hatua hii ni takriban shilingi 11,000 za stempu. Hasara iliyo kubwa zaidi ilionekana baadaye, na imeandikwa chini ya tarehe 14 Septemba.

1 Juni 2024: Masika

Mkusanyo unakaa pwani, na mvua za masika zimeujaribu. Stempu ambazo hazijatumika, ambazo gundi yake ya nyuma ingali hai, zilianza kushikamana na kurasa, na madoa madogo ya kahawia, ambayo ni kazi ya ukungu, yalionekana kwenye meno ya stempu mbili, yaani kingo zake zilizotobolewa. Meno ndiyo huanza kila mara, kwa sababu nyuzi za karatasi zimekatika hapo na hunywa unyevu kwanza.

Uchunguzi ulionyesha visababishi viwili. Cha kwanza, albamu zilikuwa zimelazwa moja juu ya nyingine, hivyo uzito ulikandamiza gundi iliyolainika. Cha pili, mifuko ya nailoni laini iliyonunuliwa dukani ilikuwa ya plastiki aina ya PVC, ambayo hutoa kemikali polepole na kunata. Mtu akitaka kuitambua, harufu yake ni ile ya kitambaa kipya cha meza cha plastiki.

Marekebisho: albamu sasa zimesimamishwa wima kama vitabu, bila kubanana, katika kabati lisilogusa ukuta wa nje. Mifuko ya PVC imetupwa na kubadilishwa kwa ya plastiki ya polipropileni (26,000). Ndani ya kabati kuna vifuko vya silika vinavyobadilika rangi vinaposhiba unyevu, ambavyo hukaushwa tena kwa joto dogo la oveni (8,000). Nilishauriwa nitumie mchele mkavu badala yake. Ulifanya kazi kwa muda mfupi, kisha ukaleta fukusi, na fukusi ndani ya kabati la karatasi ni msiba mwingine. Naftalini haitumiki, kwa kuwa mvuke wake hudhuru plastiki.

Madoa yaliyokwisha kuingia hayatolewi. Zipo dawa za kuyapausha, lakini hupausha na rangi ya stempu pia.

27 Julai 2024: Fungu kutoka Ghuba

Nilinunua kwa 35,000 fungu kubwa lililotangazwa kama samaki wa Bahari ya Hindi na Ghuba. Lilipofika, sehemu kubwa yake ilikuwa stempu za falme ndogo za Kiarabu za miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970: Ajman na kitongoji chake cha Manama, Fujairah, Ras al Khaimah, Umm al Qiwain. Falme hizi ziliingia mikataba na mawakala wa nje waliochapa stempu kwa maelfu ya aina ili kuwauzia wakusanyaji, nyingi bila kuwahi kubandikwa kwenye barua. Mtiririko huo ulikoma baada ya Falme za Kiarabu kuungana, tarehe 2 Desemba 1971.

Namna ya kuzitambua ni rahisi ukishaonyeshwa: muhuri umegongwa kwa unadhifu kwenye pembe moja tu, sawasawa katika kila stempu, na ukigeuza nyuma unakuta gundi ingali kamili. Barua halisi hailindi gundi ya stempu yake. Hizi ziligongwa muhuri kiwandani.

Sikuzitupa zote. Mfululizo wa samaki wa Umm al Qiwain wa mwaka 1967 umebaki, kwa kuwa unaonyesha samaki wa maji ya Ghuba wenyewe, tofauti na ile mingine inayoonyesha chochote kilichouzika Ulaya mwaka ule. Umewekwa ukurasa wa mwisho, na maelezo yanasema wazi kwamba ni stempu za biashara. Vibandiko vyenye maneno «State of Oman» na «Dhufar», vilivyokuwamo pia, vimeondolewa kabisa, maana havikutolewa na posta ya Oman na havina uhalali wowote. Kwa msomaji mwenye ndugu Muscat au Salala hili ni la kuzingatia, kwa sababu vibandiko hivyo bado vinazunguka vikiitwa stempu adimu za Oman.

Tangu fungu hili, hakuna ununuzi bila kuona picha ya mbele na ya nyuma. Kwa stempu zilizotolewa tangu 2002 kuna msaada mwingine: Umoja wa Posta Duniani una mfumo wa namba ambamo nchi wanachama wanaoshiriki husajili stempu zao halali, na stempu ya nchi inayoshiriki isiyoonekana humo inahitaji maswali zaidi kabla ya kulipiwa.

14 Septemba 2024: Muhuri wa Kampala

Hapa ndipo hasara ya Aprili ilipodhihirika. Katika masalio ya fungu lile la barua za zamani kulikuwa na bahasha chache ambazo hazikukatwa. Moja ina stempu mbili za samaki za Tanzania, na muhuri uliogongwa juu yake unasomeka Kampala.

Si kosa la karani. Mkataba wa ushirikiano wa Afrika Mashariki ulitiwa saini Kampala mwezi Juni 1967 na kuanza kazi tarehe 1 Desemba 1967, siku nane tu kabla ya samaki wa Tanzania kutolewa. Posta za Tanzania, Kenya na Uganda ziliendeshwa na Shirika moja la Posta na Simu la Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala, na stempu za kawaida za nchi moja, ingawa ziliuzwa ndani ya nchi hiyo, zilikubalika pia katika nchi nyingine mbili. Msafiri aliyetoka Tanzania na stempu mfukoni aliweza kutuma barua Uganda bila kulipa mara ya pili. Bahasha ile inaeleza hayo yote kwa muhuri mmoja, ilhali stempu zilezile zikiwa zimebanduliwa zingeonyesha samaki wawili na robo ya duara jeusi.

Bahasha zilizokatwa mwezi Aprili haziwezi kurudishwa, na sasa hakuna njia ya kujua ni ngapi zilikuwa na mihuri ya aina hii. Kanuni iliyotokana na hapo ni kali: bahasha nzima haikatwi mpaka muhuri, anwani na tarehe vimesomwa na kupigwa picha, na yenye stempu ya nchi moja na muhuri wa nchi nyingine haikatwi kamwe. Mkusanyo umegeuzwa kufuata uvumbuzi huu. Badala ya kutafuta mfululizo safi ambao haujatumika, nilioupangia 60,000, fedha hizo zimeelekezwa kwenye bahasha. Nimepata nyingine yenye muhuri wa Kisumu kwa 28,000, na moja ya Mombasa, iliyochanika, kwa 10,000. Muuzaji aliiona ya Kisumu kuwa bahasha chafu. Bei ilifuata uchafu, kwa bahati yangu.

Katika kurasa zitakazoonyeshwa hadharani, jina na sanduku la posta la mpokeaji hufunikwa kwa ukanda wa karatasi usiobandikwa. Ni barua za watu, na baadhi yao wako hai.

9 Novemba 2024: Karatasi mbili

Kazi fupi lakini yenye kuchosha macho. Thamani kadhaa za mfululizo wa 1967 zilichapwa kwanza kwenye karatasi yenye tabaka la chokaa na baadaye kwenye karatasi ya kawaida inayong'aa. Kwa kutazama moja kwa moja hazitofautiani. Jaribio la zamani la kugusa ukingo kwa kipande cha fedha, ambacho huacha alama nyeusi kwenye chokaa, nimelikataa kwa kuwa linaharibu stempu ili kuthibitisha kitu ambacho jicho linaweza kujifunza.

Taa ya dari haikufaa. Inamulika kutoka juu na kuzifanya zote zionekane sawa. Kilichofaa ni kuziweka stempu mbili za thamani moja kando kwa kando, asubuhi, karibu na dirisha, na kuziinamisha hadi mwanga uteleze juu yake: moja hung'aa kama kioo na nyingine hubaki hafifu. Zilizolowekwa vibaya hazitoi jibu la kuaminika, hivyo zimeachwa bila kutambuliwa, na ukurasa una nafasi wazi mahali pake.

1 Februari 2025: Silikanti

Ukurasa huu ndio uliogharimu fikra nyingi kuliko fedha. Silikanti ni samaki aliyedhaniwa kuwa ametoweka tangu enzi za dinosau, hadi tarehe 22 Desemba 1938 Marjorie Courtenay-Latimer, mtunzaji wa makumbusho ya East London, Afrika Kusini, alipomwona miongoni mwa samaki wa meli ya uvuvi Nerine. Mtaalamu wa samaki J.L.B. Smith alimpa jina la kisayansi la Latimeria, akasambaza vipeperushi vya kuahidi pauni 100 kwa wavuvi, na kungoja miaka 14. Wa pili alipatikana Desemba 1952 kisiwani Anzwani, Komoro, akivuliwa kwa mshipi na mvuvi Ahamadi Abdallah. Mwaka 1954 posta ya Komoro, iliyokuwa chini ya Ufaransa, ilimweka silikanti kwenye stempu ya faranga 40. Kwangu hii ndiyo stempu muhimu kuliko zote katika mkusanyo, kwa sababu wavuvi wa Komoro walikuwa wakimjua samaki huyu, wakimwita gombessa, kabla mtaalamu yeyote hajasafiri kumtafuta.

Nakala niliyoipata ina jino moja fupi, na kwa hilo iliuzwa 45,000 badala ya bei ya juu zaidi. Stempu nne za Afrika Kusini za mwaka 1989, zilizotolewa kuadhimisha miaka 50 ya uvumbuzi, ziligharimu 7,000 tu.

Ugumu ulikuwa Tanga. Tangu 2003 silikanti wamenaswa mara nyingi katika maji ya Tanzania, hasa pwani ya Tanga, kwa majarife yanayotegwa kwenye kina kirefu, na mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Ukurasa usioitaja Tanga ungekuwa na ulemavu. Rasimu ya kwanza ilikuwa na picha ya gazeti, nikaitoa, kwa kuwa kanuni ya mkusanyo wa mada ni kwamba kila kinachosimulia hadithi kiwe kimepita posta: stempu, muhuri, bahasha, kadi. Suluhisho lilikuwa ndani ya kabati tangu mwanzo: bahasha yenye samaki wa 1967 iliyogongwa muhuri wa Tanga. Muhuri ndio unaobeba jina la mahali, na stempu inaunganisha ukurasa huu na ule wa kwanza.

12 Aprili 2025: Kurasa sokoni

Maelezo ya kurasa yaliandikwa kwanza kwa majina ya katalogi. Nilichukua nakala za picha zilizokuzwa hadi soko la samaki na kumwomba mvuvi mmoja mzee anisahihishe. Wengi aliwataja bila kusita. Alipofika kwa bunju aliirudisha karatasi: «Huyu haliwi, mwanangu. Nani alimweka kwenye barua?» Sumu ya bunju imeua watu, na maelezo ya ukurasa huo sasa yanaanza na hilo. Kwa samaki wawili alisema Kilwa wana jina jingine, na nimeandika yote mawili.

Maelezo yamepunguzwa hadi mistari mitatu kwa kila stempu. Rasimu yenye mistari kumi ilisomwa na watu watatu, na hakuna aliyefika mwisho wake.

21 Juni 2025: Yaliyobaki

Maji baridi ndiyo sehemu dhaifu. Kuna samaki wa Ziwa Nyasa katika stempu za Malawi za 1967, na samaki wa rangi nyingi wa Burundi wa mwaka huohuo; zote zimepatikana kwa 31,000. Samaki mkubwa aitwaye taa, wa senti 40, katika mfululizo wa mwaka 1960 wa Kenya, Uganda na Tanganyika, amewekwa kabla ya ukurasa wa 1967, kama mtangulizi. Alipatikana kwa 2,000.

Matumizi yamepita bajeti, kwa sababu ya bahasha na mifuko ya polipropileni; anayeanza upya na kununua mifuko sahihi tangu mwanzo ataokoa gharama ya kuibadilisha mwezi Juni. Ninazo nakala za ziada za thamani za senti za 1967, safi na zisizo na madoa, na ninabadilishana kwa bahasha nzima yenye stempu hizo na muhuri wa mji wowote wa ziwani, Mwanza, Bukoba, Musoma au Kigoma, hata ikiwa imechanika, mradi tarehe isomeke.